Bima ya kazini imeisha Julai, na mama bado ana kidonda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Isevya hapa Tabora mjini, na ni karani wa ghala kwenye kampuni binafsi. Kampuni yetu inatukatia bima ya afya. Mwaka juzi walituruhusu kuongeza mzazi mmoja kwa kukatwa kidogo kwenye mshahara, nami nikamwandika mama yangu. Ana miaka 67, ana kisukari na presha, na baba alishatangulia mbele za haki. Siku ile nilishukuru sana, maana nilijua sasa mama atatibiwa bila mimi kuhangaika kukopa kwa majirani.

Mwezi wa nne akapata kidonda chini ya dole gumba la mguu. Alikanyaga kitu shambani na hakusikia maumivu. Tulipokuja kugundua, kidonda kilikuwa kimeshachimba. Tukampeleka hospitali binafsi iliyo kwenye orodha ya bima yetu, akalazwa, wakamsafisha, akaanzishiwa insulini. Baada ya kuruhusiwa akawa anarudi kila baada ya siku moja kufungwa kidonda. Hela hakuna aliyetuuliza. Tunatoa kadi, mama anaweka kidole, tunaondoka.

Julai tumefika dirishani, dada wa bima akaniambia, "Salio halitoshi." Nilidhani ni mtandao. Akanieleza kuwa fungu la matibabu ya nje limekwisha kabisa, la kulazwa limebaki kidogo, na kwamba mafungu hayo ni ya familia nzima. Mwaka wa bima yetu unaanza Januari. Kwa hiyo mimi, mume wangu, watoto na mama, wote hatuna matibabu ya nje mpaka mwaka uishe. Wiki iliyofuata mwanangu mdogo akashikwa na malaria, nikalipa taslimu.

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Mume wangu si mtu mbaya, Shangazi, na anamheshimu mama. Lakini alisema, "Mama yako amemaliza bima ya wanangu." Hajarudia tena, ila tangu siku ile hatusindikizi hospitali. Dawa na bandeji nalipia mwenyewe, na mshahara haufiki katikati ya mwezi.

Tumezaliwa watatu. Kaka yangu ni mwalimu wa shule ya msingi huko Urambo na ana bima ya serikali, lakini zamani aliniambia nafasi zake zimejaa, ana mke na watoto wanne. Mdogo wetu wa kiume anauza nguo sokoni, yeye anasema tuuze kiwanja cha mama cha Ipuli. Kiwanja hicho ndicho kitu pekee alichoachiwa na baba. Mimi nimepata watu wanaotoa mkopo siku hiyohiyo, unaweka kadi ya pikipiki na unarejesha kila wiki. Najua wanaitwa kausha damu. Lakini kidonda hakisubiri.

Mama hajui lolote. Nimemwambia bima iko vizuri. Anataka tuendelee kwenda kulekule kwa sababu wauguzi wameshamzoea.

Nianze na lipi, mkopo au kiwanja? Na mume wangu nimwambie nini?

Binti wa Isevya, Tabora

---

Marahaba mwanangu, na poleni sana, wewe na mama.

Mkopo huo usichukue. Kiwanja msikiguse kwa sasa. Na mama asikose insulini hata siku moja wakati nyie mnajadiliana, hata kama itabidi hela ya nguo ya mwezi huu iende huko. Mengine yote yanaweza kupangwa.

Mkopo wa kurejesha kila wiki umetengenezwa kwa mtu mwenye mzunguko wa biashara wa kila wiki. Wewe unalipwa mwisho wa mwezi. Rejesho la kwanza utalitoa kwenye mkopo wenyewe, la pili utalikopa kwa mwenzako kazini, na la tatu watakuja kuchukua pikipiki. Kidonda cha kisukari huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, kupona. Huwezi kukitibu kwa fedha inayoisha kabla hakijajifunga. Kama ni lazima ukope, kopa kwenye SACCOS au kikoba chenu ambako watu wanakufahamu. Na anayekukopesha popote mwombe leseni yake, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 hawa wakopeshaji wadogo wanatakiwa kuwa nayo.

Sasa tuje kwenye bima yenyewe, kwa sababu naona wengi wanaoniandikia wameumia palepale ulipoumia wewe. Bima za kampuni binafsi zina ukomo wa mwaka, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni italipa. Ukomo huo hugawanywa: kulazwa kivyake, matibabu ya nje kivyake, mara nyingi meno, macho na uzazi kivyake tena. Mkataba mwingine unampa kila mtu fungu lake, mwingine unawapa wote fungu moja. Wa kwenu ni huo wa pili. Ulipomwandika mama, watu waliokuwa wanakula sufuria moja waliongezeka na sufuria ikabaki ileile. Hilo alitakiwa kukueleza afisa aliyekupa fomu ukasaini, na nakuomba usijilaumu kwa jambo ambalo hukuelezwa.

Kisha angalia hilo fungu lilivyoliwa. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na najua bili ya kidonda inavyoandikwa. Mama anakwenda kufungwa kidonda. Kwenye karatasi panaandikwa ada ya kumuona daktari, kusafisha kidonda, bandeji, glovu, maji ya kusafishia, kupima sukari, na siku nyingine dawa ya maumivu aliyokuwa nayo tayari nyumbani. Kila mstari ni fedha ndogo. Lakini akirudi kila baada ya siku moja kuanzia Aprili hadi Julai, mistari hiyo inamaliza fungu la watu watano. Sisemi hospitali imewaibia. Ninachosema ni kwamba kila mama alipoweka kidole, alikuwa anathibitisha karatasi ambayo hakuna kati yenu aliyeisoma.

Kwa hiyo nenda kaombe mchanganuo wa matumizi, wa maandishi, tangu Januari. Unaupata kwa kampuni ya bima, na afisa wa rasilimali watu kazini kwenu anaweza kukuombea. Kaa nao na kalamu. Ukiona siku ambayo mama hakwenda, au kipimo ambacho hakupimwa, peleka malalamiko ya maandishi kwa kampuni ya bima ubaki na nakala. Wasipokujibu ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa kwa ajili ya migogoro ya namna hii kati ya mteja na kampuni. Usiende na hasira, nenda na tarehe.

Ukiwa kwa huyo afisa wa rasilimali watu, muulize swali jingine ambalo wafanyakazi wachache hulijua. Baadhi ya mikataba ya bima za makampuni huwa na fungu la akiba la kampuni nzima, linalotumika mfanyakazi akimaliza ukomo wake kwa ugonjwa mkubwa. Halitolewi bila kuombwa, na mwenye kuliomba ni mwajiri. Muulize kama mkataba wenu unalo. Kama halipo, uliza kama mnaweza kuongeza ukomo kwa kulipia tofauti. Hata wakikataa yote mawili, umewaachia kumbukumbu ya kutumia mkataba utakapohuishwa mwisho wa mwaka. Wakati huo kampuni ya bima hutazama madai ya mwaka mzima na mara nyingi hupandisha bei, na mwajiri naye hushawishika kupunguza ukomo ili bei isimuumize. Wafanyakazi wakikaa kimya, hilo hupita bila wao kujua.

Maana gharama zinapanda, mwanangu, si kwako tu. Dawa nyingi na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, tunavyotumia nchini hutoka nje, hununuliwa kwa dola, na shilingi ikishuka bei inapanda dirishani. Halafu maradhi yenyewe yamebadilika. Malaria inatibiwa ikaisha. Kisukari na presha mtu anaishi navyo kila siku, kila mwezi ana dawa na vipimo. Ukomo uliotosha mwaka juzi umeandikwa kwa tarakimu ileile, lakini haununui kilekile.

Sasa kuhusu mama. Mhamishieni hospitali ya serikali wiki hii, yaani Kitete, ambayo ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Nendeni kwanza kule alikokuwa mkaombe muhtasari wa matibabu: ameanza lini, anapewa insulini gani na kiasi gani, kidonda kilisafishwa lini, majibu ya vipimo. Ni haki ya mgonjwa, na utawaokolea fedha za kurudia vipimo. Kitete anzieni kliniki ya kisukari. Daktari akishaweka mpango, mwombeni awaandikie ili kufunga kidonda kwa siku za kawaida kufanyike kwenye kituo cha afya au zahanati iliyo jirani nanyi, na Kitete arudi kwa tarehe za kuonwa tu. Nauli peke yake itakayobaki mfukoni utaiona. Ikihitajika kwenda mbali zaidi, iwe hospitali ya Nkinga, Bugando au Benjamin Mkapa, aende na barua ya rufaa. Bila barua mtalipia vitu ambavyo bima yoyote ingeweza kulipa.

Mama ana miaka 67. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 na Sera ya Afya ya 2007 zinampa mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali. Utaratibu unaanzia kwa mtendaji wa mtaa wenu, anayemtambua mzee, na mwishoni mzee anapata kitambulisho cha msamaha. Kama hajakipata na ameshafika hospitali, ulizeni afisa ustawi wa jamii. Hospitali ya rufaa ya mkoa inaye, na kazi yake ni kumsikiliza mgonjwa aliyeshindwa kulipa kisha kuamua apunguziwe au asamehewe. Nitakueleza ukweli kuhusu msamaha: dawa ikiwa haipo stoo utaandikiwa ukanunue nje. Ndiyo maana sitaki mtegemee msamaha peke yake.

Na hapa ndipo anapoingia kaka yako wa Urambo, ambaye naona mmemwacha mapema mno. NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, unamhudumia mtumishi wa umma, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Wategemezi hao wanaweza kuwa watoto au wazazi, wake au wa mwenza wake. Makato ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yake analipa yeye na nusu mwajiri, na kumwandika mzazi kwenye nafasi iliyo wazi hakumwongezei makato. Umesema ana watoto wanne na kwamba alikuambia hivyo zamani. Zamani lini? Mtoto hukaa kwenye kadi ya mzazi mpaka miaka 18, au 21 kama bado anasoma. Wa kwanza ana miaka mingapi leo? Kama ameshavuka na yuko mtaani anaendesha bodaboda, nafasi hiyo ipo wazi na haina mtu.

Mpigie simu. Usianze na kiwanja, wala usianze na nani amemtunza mama zaidi. Mwambie, "Kaka, mama ana kidonda cha kisukari na bima yangu imekwisha. Mtoto wetu mkubwa ametimiza miaka mingapi?" Nyamaza umsikilize. Nafasi ikiwepo, atahitaji cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama, picha ya mama na namba yake ya NIDA, na fomu ipitie kwa mwajiri wake. Tatizo linalowakwamisha wengi ni cheti: jina la mama kwenye cheti ni moja na kwenye NIDA ni jingine. Angalieni hilo mapema, kabla hajapanda gari kuja mjini. Na zungumza na wifi yako wewe mwenyewe, kwa heshima. Kama alikuwa anamwekea mama yake nafasi hiyo, ni vizuri asikie habari kwako kuliko kuikuta imeshajazwa.

Kadi hiyo ikitoka, bado nashauri mama abaki Kitete. NHIF hulipa kwa kitita cha mafao, orodha ya huduma na dawa zenye bei zake, na si kila hospitali binafsi huzikubali bei hizo. Machi 2024, kitita kipya kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa mfuko huo, na wagonjwa walirudishwa milangoni wakiwa na kadi hai mkononi. Mwenye kidonda asiwekwe kwenye mgogoro wa namna hiyo.

Mtasikia pia habari ya Bima ya Afya kwa Wote. Bunge lilipitisha sheria yake Novemba 2023, na lengo lake ni kila mkazi awe na bima. Mkoa wetu una historia kwenye jambo hili: Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulijaribiwa kwa mara ya kwanza Igunga mwaka 1996, kabla ya kuenea nchini. Ulipoboreshwa, mwaka 2018, kaya ya watu sita ilikuwa inachangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Fika ofisi ya bima uulize utaratibu uliopo sasa kwa kaya kama yenu, maana hao watoto nao wanahitaji kitu mpaka Januari.

Kuhusu mguu wenyewe, nisikie vizuri. Mama asikandwe kwa maji ya moto. Mguu wake hausikii joto, ataungua bila kujua. Asiwekewe majani wala unga wa dawa. Asitembee peku hata ndani ya nyumba, na kila jioni mmoja wenu amtazame nyayo zote mbili na katikati ya vidole, kwenye mwanga. Mkiona weusi, harufu mpya, uvimbe unaopanda, au akipata homa, ni hospitali siku hiyohiyo, iwe kuna salio au hakuna. Insulini kama hamna friji isikae juu ya kabati chini ya bati, hasa joto la Septemba na Oktoba likianza. Chukueni chungu kidogo mkiweke ndani ya chungu kikubwa, katikati mjaze mchanga, mchanga uloweshwe maji asubuhi na jioni, chupa ikae kwenye kile kidogo ikiwa ndani ya mfuko mkavu, mfunike, na viwe kivulini penye upepo. Nimeona inatunza dawa vizuri vijijini.

Mume wako. Neno alilolisema linauma na hakupaswa kulisema hivyo, lakini ndani yake kuna hofu ya kweli: mtoto aliumwa na kadi ikakataa. Usimjibu kwa kumtetea mama. Ukishapata mchanganuo, kaa naye mezani usiku watoto wakilala, muusome pamoja mstari kwa mstari, ili aone fedha ilivyokwenda. Mwanamume anayeona mama mkwe "amemaliza bima" na anayeona ada ya daktari imeandikwa kila baada ya siku moja ni mtu mmoja, lakini hatazungumza vilevile. Kisha mpe kazi: yeye ndiye aende kwa mtendaji wa mtaa kufuatilia kitambulisho cha msamaha. Mkwe akihangaikiwa na mkwewe, maneno ya zamani yanapoa yenyewe.

Mama mwambie ukweli. Ni mtu mzima, amezika mume na amewalea nyie. Mwambie bima ya kazini ina kiwango na kiwango kimefika, na kuanzia Jumatatu atakwenda Kitete. Atahuzunika kuwaacha wauguzi waliomzoea. Lakini ukimficha, siku moja ataombwa fedha dirishani mbele za watu na hapo atajua umemdanganya. Na muulize yeye kuhusu kiwanja. Mnakijadili nyie watatu, wakati mwenye kiwanja yuko chumba cha pili. Kama siku moja itabidi kiuzwe, kwa mfano kwa upasuaji ambao hakuna kadi inayoulipa, auze yeye kwa bei ya mtu asiye na haraka.

Anza na simu ya kaka leo jioni na muhtasari wa matibabu kesho asubuhi. Ukikwama dirisha lolote kati ya haya, niandikie ni dirisha gani, umeombwa karatasi gani na jibu uliloandikiwa, nami nitakuelekeza pa kwenda.

Shangazi